Usonji: maana yake, na kwa nini "wigo" si ngazi

Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si laana. Ni namna ambavyo ubongo umekua tangu mwanzo, na mtu huishi nao maisha yake yote. Huonekana katika jinsi anavyowasiliana na wenzake, anavyoshikilia utaratibu na mambo anayoyapenda, na jinsi hisi zake zinavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, haikupita muda wakatokea waliosema chanzo ni mama asiye na upendo. Akina mama walibebeshwa lawama hiyo kwa miaka mingi, bure. Chanjo nazo zilisingiziwa. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza dai hilo iliondolewa rasmi na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2010.

Siku hizi husemwa "wigo wa usonji", na wengi wakisikia hivyo huona ngazi: huyu yuko juu, yule chini. Sivyo. Wigo maana yake ni kwamba usonji huonekana kwa namna tofauti kwa kila mtu. Yupo asiyetamka hata neno moja lakini anasoma na kuandika. Yupo msemaji hodari, mwenye kazi yake, ambaye lebo ya shati shingoni inamharibia siku nzima. Wa kwanza ukimwita "mzito" utadhani hajui kitu. Wa pili ukimwita "mwepesi" utamnyima msaada.

Sisi wenye Kiswahili tuna mtihani wa ziada, kwa sababu lugha yetu hupenda kuzunguka. Akufukuzaye hakwambii toka, tunasema. Basi kuna mtu ambaye usipomwambia toka ataendelea kuketi, na hana kiburi chochote. "Nakuja sasa hivi" kwake ni ahadi. "Subiri kidogo" ni fumbo: kidogo ni dakika ngapi? Mwambie, "Subiri nimalize kuosha vyombo hivi." Ukimuuliza swali, nyamaza umpe nafasi. Ukiona kimya ukalirudia kwa maneno mengine, umemtwika swali la pili kabla hajamaliza kulifikiria la kwanza. Wala usimlazimishe akutazame machoni. Wengine husikia vizuri zaidi wakiwa wanatazama pembeni.

Kuna jambo linalowaponza wazazi mbele za watu. Mtoto anaziba masikio, anapiga mayowe, anajitupa chini, na watazamaji wanaguna kwamba amedekezwa. Mara nyingi anayedeka huchungulia kama unamwona, na akipata alichotaka hunyamaza. Aliyezidiwa na kelele au mwanga hana anachodai; hata umpe nini hatatulia mpaka mzigo upungue. Kwa hiyo punguza: zima redio, waondoe watu, fupisha maneno, usimshike isipokuwa yuko hatarini. Akijitikisa au kupunga mikono, mwache, kwani hivyo ndivyo anavyojituliza. Mtu mzima naye huzidiwa, ila mara nyingine yeye hunyamaza kabisa na kushindwa kujibu, kisha akaambiwa amenuna.

Mara nyingi ughafla wa mabadiliko huumiza kuliko mabadiliko yenyewe. Kama safari imeahirishwa, sema mapema, na useme itakuwa lini. Kwa baadhi yao, picha zilizopangwa kufuata shughuli za siku husaidia kuliko maelezo marefu.

Wapo pia wanaogundulika kuwa na usonji wakiwa tayari watu wazima, wengi wao wanawake, baada ya miaka ya kuiga vicheko na mazungumzo ya wengine ili wasionekane tofauti. Kazi hiyo huchosha vibaya. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Tofauti ni kwamba mmoja tu ndiye hupelekwa kufundishwa.