Muulize Wazi, Kisha Usimwache Peke Yake

Kila tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, sisi washauri nasaha tunapokutana na wanafunzi chuoni swali la kwanza huwa lile lile: tukimleta mwenzetu aliyejaribu kujiua, ataitiwa polisi? Wapo waliofichwa chumbani siku nyingi kwa hofu hiyo, hali ikizidi kuharibika.

Hapana. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, adhabu yake kifungo cha hadi miaka 2, faini, au vyote viwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ililetwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Kisichanganywe na kifungu cha 225: kumchochea au kumsaidia mtu ajiue bado ni kosa, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Mnaomwambia aliyekata tamaa "jaribu basi tuone" kwenye kundi la WhatsApp la darasa, someni hapo mara mbili.

Halafu kuna hili la "ukimuuliza utamtia wazo". Tumelikanusha miaka mingi na bado linarudi, hata kwa wahadhiri. Kumuuliza hakumtii wazo. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Aliyeanza kugawa vitu vyake, anayesema yeye ni mzigo kwa wazazi, aliyeacha vipindi tangu mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) uchelewe na karo ikadaiwa, huyo usimwite mvivu wala mtu wa kujionyesha. Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya walio na umri wa miaka 15 hadi 29.

Kuhusu masomo: hapa kwetu fomu ya kuahirisha huanza kwa mwenyekiti wa idara, ikapita kwa mkuu wa kitivo, ikaishia kwa msajili. Barua ya daktari iambatishwe, na iwasilishwe kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Mtihani uliokupita ukiwa mgonjwa una fomu yake, ya mtihani maalum. Mwenye mkopo aijulishe HELB mapema. Faili la ushauri nasaha haliingii kwenye nakala ya matokeo. Tunalazimika kuwajulisha wengine pale tu uhai unapokuwa hatarini, na hata hapo tunamwambia mwenyewe kwanza.

Ikiwa ni usiku, kaa naye, ondoa karibu yake chochote cha kumdhuru, na upige 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo. Askari wa hosteli ana namba ya mshauri wa zamu. Mwamshe.