Dirisha la Kibudha Juu ya Mnara wa Kihindu

Anayetaka kujua mahekalu ya Kihindu yamechota nini kutoka kwa Wabudha na Wajaini (wafuasi wa Ujaini, dini nyingine ya kale ya India) asianze na sanamu, kwa kuwa sanamu ndizo zinazotenganisha dini hizo. Aanze na dirisha.

Dirisha ninalolisema lina umbo la ukwato wa farasi, na mfano wake maarufu wa mwanzo uliobaki katika jiwe uko Bihar, kaskazini-mashariki mwa India, kwenye lango la pango la Lomas Rishi katika vilima vya Barabar, la karne ya 3 KK. Fundi aliyelichonga alinakili sura ya jengo la mbao lililopinda paa, akachonga hadi ncha za boriti zinazotokeza chini ya ukingo, ingawa mwamba hauhitaji boriti. (Mapango ya jirani yalitolewa na Mfalme Ashoka kwa watawa wa Ajivika, dini ambayo leo imekwisha kabisa, kwa hiyo hata umbo hili tunaloliita la Kibudha halikuwa mali ya Wabudha peke yao.)

Wabudha ndio waliolikuza. Katika kumbi za ibada za Bhaja na Karla, zilizochimbwa katika milima iliyo kati ya Mumbai na Pune, tao hilo linafunguka juu ya mlango na kupitisha mwanga hadi kwenye stupa, yaani kuba takatifu la Wabudha, iliyo mwisho wa ukumbi. Ukumbi wa Karla una urefu wa mita 38 hivi, safu mbili za nguzo, na upande wa nyuma uliopinda nusu duara ili waumini waizunguke stupa. Darini bado zimo mbavu za mbao halisi, ambazo hazibebi uzito wowote.

Wahindu walipoanza kujenga kwa mawe kwa wingi, zama za wafalme wa Gupta (karne ya 4 hadi ya 6 BK), mafundi na desturi zao walikuwapo tayari. Hekalu namba 17 la Sanchi ni la Kibudha, na lile la Tigawa ni la Kihindu. Yote mawili ni chumba kimoja chenye paa bapa na kibaraza cha nguzo mbele, na ukiondoa sanamu ni vigumu kusema lipi ni la nani. Hata nyuma ya nusu duara ilihamia kwa Wahindu: iko kwenye hekalu la Durga huko Aihole, na huko Chezarla, Andhra Pradesh, ambako wataalamu wengi wanaona kwamba hekalu la mungu Shiva lilikuwa kwanza ukumbi wa Kibudha.

Hata hivyo, dirisha ndilo lililofika mbali zaidi. Katika mahekalu ya mwamba ya Mahabalipuram, kusini mwa India, ya wafalme wa Pallava wa karne ya 7, limekuwa dogo, limezibwa, na ndani yake kinachungulia kichwa cha mtu. Kaskazini lilirudiwa ngazi juu ya ngazi kwenye mnara, kisha likakatwa vipande, na vipande hivyo vikaingiliana hadi uso wa mnara ukawa kama mkeka uliosukwa kwa jiwe. Haliingizi tena mwanga, na chumba cha mungu kilicho chini yake ni cha giza makusudi. Kuliita jambo hili kuiga ni kuwapunja mafundi, maana umbo lililokuwa tundu la ukutani wameligeuza kuwa lugha nzima ya mapambo.

Mchango wa Wajaini ni wa namna nyingine, na kwa maoni yangu haujapewa uzito unaostahili. Hekalu lao la Meguti, hapo hapo Aihole, lina maandishi ya mshairi Ravikirti ya mwaka 634, na kwa kuwa majengo mengi ya jirani hayana tarehe, hilo ndilo tunalolitumia kama kipimo cha kukadiria umri wa mahekalu ya Kihindu yanayolizunguka. Huko Gujarat na Rajasthan kuazimana kulikwenda pande zote mbili: hekalu la Kihindu la Jua huko Modhera ni la mwaka 1026 hivi, na lile la Kijaini la Vimala huko Mlima Abu, lenye dari za marumaru zilizochongwa pete ndani ya pete, ni la mwaka 1031, na yote mawili ni ya mtindo mmoja.

Wafalme wa Kihindu wa Gujarat walipoangushwa na jeshi la sultani Mwislamu wa Delhi mwishoni mwa karne ya 13, ufadhili wa kifalme ulikatika. Wafanyabiashara wa Kijaini waliendelea kuwalipa waashi, na katika karne ya 15 mmoja wao, Dharna Shah, aligharimia hekalu la Ranakpur, ambalo kwa hesabu ya kawaida lina nguzo 1,444. Bila kazi hizo, sidhani kama ujuzi wa koo za mafundi wa Sompura ungefika karne ya 20, ambapo Prabhashankar Sompura alisanifu upya hekalu la Shiva la Somnath kwa mtindo ule ule wa Gujarat na Rajasthan, nao mtindo huo ukavuka bahari hadi kwenye hekalu la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999.