Antropolojia ya tiba si mambo ya waganga tu

Hapa Mombasa ukimwambia mtu unasomea antropolojia ya tiba, yaani jinsi watu wanavyouelewa ugonjwa na kujitibu, atakwambia, "Aah, mambo ya majini na waganga." Dhana ya zamani hiyo, na kwa kweli ni robo tu ya ukweli.

Chukua degedege. Huku Pwani wengi husema ni nyuni, yaani ndege kapita juu ya mtoto. Miaka ya 1990 watafiti waliokaa na kina mama Kilifi na kule Bagamoyo wakaona kwamba homa ya malaria mama anaijua vizuri tu, anaitibu kwa dawa ya duka au hospitali, ila mtoto akikakamaa na kugeuza macho basi huo wahesabika ugonjwa mwengine kabisa, wa mganga kwanza, na wengine waliogopa sindano itamuua mtoto. Sasa redio ikisema tu "malaria ni hatari" huyu mama haimgusi, manake kwake hii si malaria. Kujua hilo ndo kazi yenyewe, si kumcheka mtu.

Na hospitali pia zinachunguzwa, tena sana. Paul Farmer, daktari na mwanaantropolojia, alionyesha kule Haiti kwamba mgonjwa wa TB akiacha dawa mara nyingi shida ni umaskini, njaa na nauli, wala si imani zake (hapa kwetu nani asiyejua shida ya nauli?). Ebola ya 2014 Afrika Magharibi nayo, wataalamu hawa walisaidia taratibu za mazishi zibadilishwe ili familia ziombee maiti wao bila kuambukizwa.