Poti nane si kamera nane

Mteja mwingine akiniambia tena "fundi, swichi ina poti nane, si kamera nane zinaingia?", nitamwachia ngazi yake nishuke. Zinaingia, ndiyo. Kuwaka usiku ni habari nyingine.

Swichi ya PoE, ile inayolisha kamera za ulinzi umeme na data kwa waya mmoja, huulizwa wati kwanza, poti baadaye. Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwa poti, na kamera inahakikishiwa 12.95 tu kwa kuwa zilizobaki zinapotelea kwenye waya. Kile cha 802.3at cha 2009 kinafika 30. Namba hizo muuzaji atakusomea bila kuombwa. Asichokusomea ni jumla: swichi nyingi za bei nafuu za poti nane zina wati 60 na kitu kwa poti zote. Poti nane zikidai 15.4 kila moja, ni 123.2. Geuza adapta usome. Ikiandikwa 48V 1.35A, zidisha upate karibu 65, kisha kumbuka kwamba swichi nayo inakula humo humo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mchana kamera ya kawaida inakula wati nne, tano. Zote nane ni kama 40, picha safi, fundi analipwa anaondoka. Jua likizama tu, taa za infraredi za kuonea gizani zinawaka karibu kwa mpigo, kila kamera inapanda hadi tisa au kumi, jumla inapita 70. Swichi inaanza kuangusha poti, mara nyingi zile za mwisho. Kamera ya nane inazimika, inapewa umeme upya, inaamka, inawasha infraredi, inaangushwa tena. Simama chini yake: utasikia kichujio cha ndani, kile cha kuzuia infraredi mchana, kikigonga "tik" kila inapoamka. Mwenye nyumba anabadilisha kamera, anabana upya vichwa vya kebo (RJ45), mwisho analaumu umeme wa mtaani. Asubuhi kila kitu kizima, na mimi naonekana mzushi.

Kuna swichi zinazokera zaidi. Hazipimi kamera inakula nini. Zinaitengea wati za daraja lake la umeme. Kamera ikijitambulisha daraja la 3, inatengewa 15.4 hata kama inakula tano. Zikiwa nne tayari ni 61.6, na ya tano inakataliwa saa sita mchana. Swichi ipi inapima na ipi inatenga? Maboksi ya bei ya chini hayasemi.

Mimi hujumlisha wati za usiku, naongeza robo. Kwa nini robo? Hakuna fomula, ni woga wangu tu. Kamera za kuzunguka nazihesabu peke yake, kwenye poti za 802.3at.

Gigabiti kwenye kila poti ya kamera ni kupoteza hela. Kamera ya megapikseli 4 inayobana video kwa H.265 hutuma megabiti chache tu kwa sekunde. Weka gigabiti kwenye poti ya kwenda NVR, kile kinasa video. Swichi zinazosukuma volti bila kuiuliza kamera kwanza, sizigusi. Kile kitufe cha swichi cha kufikisha kebo mita 250 kinashusha kasi hadi megabiti 10. Mahali pengine kinanisaidia, pengine kamera inakatakata, na kanuni yake sijaishika.

Na kebo ya alumini iliyopakwa shaba sivuti, hata kama umeshanunua boksi zima. Ukinzani wake unakula zile wati tulizokuwa tunazihesabu.