Mfumo wa kukata umeme mkubwa kwenye gari la haibridi

Gari la haibridi, yaani linaloendeshwa kwa injini na mota ya umeme, lina betri mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida ya volti 12, inayowasha taa na kompyuta. Ya pili ndiyo inayoisukuma mota, na umeme wake ni wa kuua: kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili ni volti 201.6, na inveta, kifaa kinachouandaa umeme wa betri kwa ajili ya mota, huweza kuupandisha hadi 500. Kanuni za Umoja wa Mataifa huhesabu umeme wa betri kuwa mkubwa ukizidi volti 60. Mfumo wa kukata umeme kazi yake ni kuufungia umeme huo ndani ya kasha la betri pale usipohitajika kutoka.

Kati ya betri kubwa na zile nyaya nene za rangi ya machungwa kuna rilei kuu mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa sumaku ya umeme, moja upande wa chanya na moja upande wa hasi. Springi huziachanisha, sumaku inayokula umeme wa betri ndogo ndiyo inayozishikanisha. Volti 12 zikikosekana, kwa ajali au kwa ufunguo kuzimwa, rilei zinaachia zenyewe, kama mlango wa springi uliokosa mtu wa kuushikilia. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye akili yote ya mfumo huu: hausubiri kitu kifanye kazi ili uwe salama.

Kompyuta nayo huamuru rilei ziachie. Gari likigongwa hadi eabegi zikafumuka, amri hutoka papo hapo. Kuna pia waya mwembamba wa umeme mdogo unaopita kwenye soketi na mifuniko ya sehemu za hatari. Ukifungua mfuniko mmoja, mzunguko wake unakatika na kompyuta inajua. Uvujaji wa umeme mkubwa kwenda kwenye bodi ya gari hushughulikiwa kwa upole zaidi. Umeme mkubwa haugusi bodi ya gari kabisa, si upande wa chanya wala wa hasi, na kompyuta hupima hilo kila mara. Ikigundua uvujaji mwendoni, kwa kawaida huwasha taa ya onyo na pengine kulizuia gari lisiwake tena likishazimwa, kwa sababu kumkatia dereva nguvu ghafla barabarani nako ni hatari.

Rilei zikiachia, kapasita za inveta, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda, bado zina chaji. Saketi maalumu huimaliza, lakini mafundi huagizwa wachomoe plagi ya usalama, ile inayokata mlolongo wa seli (betri ndogondogo zinazounda betri kubwa) vipande viwili, kisha wasubiri, mara nyingi dakika 10, na bado wapime kwa mita. Kanuni za Umoja wa Mataifa huhesabu umeme wa betri kuwa mkubwa ukizidi volti 60.

Yote haya hayaitoi chaji betri yenyewe. Seli zinabaki na umeme wake hata gari likiwa limekunjamana, kwa hiyo kasha lililopasuka haliguswi bila glavu za kuzuia umeme, hata kama rilei na plagi zimefanya kazi yake.