Nini maana ya «imx219 10-0010»? Jinsi Linux inavyoita vihisi vya kamera

Unganisha kamera ya Camera Module 2 kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kisha andika amri ya media-ctl -p, inayoorodhesha vifaa vya picha vilivyomo kwenye mashine. Katikati ya mistari mingi utakutana na jina hili: imx219 10-0010. Mara ya kwanza linatisha, lakini kila herufi imewekwa kwa sababu, na ukiweza kulisoma hili moja utaweza kusoma mengi ya jamii yake.

Imx219 ni chipu yenyewe, yaani kihisi cha megapikseli 8 kilichotengenezwa na Sony. Draiva yake, yaani programu inayoiendesha, iko katika keneli (kiini cha Linux) na imeandikwa kwenye faili la imx219.c. Hapa ndipo wengi hupotea: jina hili ni la chipu, wala si la kamera uliyonunua dukani. Kampuni mbili tofauti zikifunga chipu hiyohiyo kwenye vibodi vyao, Linux itaziita zote imx219. Camera Module ya kwanza, ya mwaka 2013, huonekana kama ov5647 kwa kuwa ndani yake mna chipu ya OmniVision. Herufi OV ni za kampuni hiyo, na mara nyingi tarakimu za mwanzo hudokeza megapikseli: ov5647 ina 5, ov8865 ina 8. Kwa Sony usijaribu kubahatisha hivyo. Namba 219 haikuambii lolote kuhusu ukubwa wa picha.

Sasa twende kwenye 10-0010. Kihisi kina njia mbili za mawasiliano. Picha hupita kwenye nyaya za kasi za CSI-2, lakini maagizo kama «anza», «simama» au «ongeza muda wa mwanga» hupita kwenye njia nyembamba iitwayo I2C. Jina linatokana na njia ya maagizo. Ile 10 ya kwanza ni namba ya njia ya I2C katika mashine hiyo, na 0010 ni anwani ya chipu juu ya njia hiyo, imeandikwa kwa heksadesimali, yaani mfumo wa namba wa msingi wa 16. Kwa hesabu yetu ya kawaida ni 16. Kufanana kwa hizo 10 mbili ni sadfa tu. Ov5647, kwa mfano, huishia na 0036.

Mwandishi wa draiva hajitungii jina hili. Kuna kipande cha msimbo cha pamoja, v4l2_i2c_subdev_init, kinachounganisha jina la draiva, namba ya njia na anwani. Napenda sana utaratibu huu, kwa sababu unatatua shida ya kweli: ukifunga imx219 mbili kwenye bodi moja, zote zina anwani 0010, lakini kila moja ikikaa kwenye njia yake ya I2C majina hayagongani. Na kanuni inadai kila jina liwe la pekee ndani ya mchoro mmoja wa vifaa vya picha.

Kwenye mti wa vifaa, faili linaloieleza keneli bodi ina nini, chipu hiyohiyo huandikwa sony,imx219: mtengenezaji kwanza, kisha modeli. OmniVision hufupishwa kuwa ovti. Kompyuta mpakato nyingi hazina mti huo. Hutumia ACPI, yaani majedwali ya maelezo ya vifaa yanayotolewa na mashine yenyewe, na huko kihisi cha ov5693 hujitambulisha kwa msimbo wa INT33BE, ambao haufanani na chipu hata kidogo. Draiva ndiyo inayojua kuwa ni kitu kimoja.

Tahadhari iko kwenye namba ya njia. Ukihamisha kamera ileile kwenda Raspberry Pi 5, ile 10 inaweza kubadilika. Na /dev/video0, jina la faili ambalo Linux huipa kamera, ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote, maana hiyo ni foleni tu: kifaa kilichosajiliwa mapema hupata namba ndogo, na kamera ya USB inaweza kuwahi nafasi. Kwa hiyo katika skripti tafuta neno imx219, usiandike namba. Ukiwa na mbili zinazofanana, tumia kitambulisho cha libcamera (maktaba ya programu za kamera kwenye Linux), kwa mfano /base/soc/i2c0mux/i2c@1/imx219@10, ambacho hufuata mahali chipu ilipofungwa na hakibadiliki mashine ikizimwa na kuwashwa tena.