Losheni ya jua na rangi ya kupaka ngozi: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

"Mweusi hahitaji losheni ya jua."
Melanini, rangi ya asili ya ngozi, humkinga kweli, lakini ni kinga ya takriban SPF 13 tu (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya mionzi ya jua inayounguza), na jua huzidi kukoleza madoa ya chunusi. Mwenye ualbino ana kinga hiyo kidogo sana au hana kabisa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kama asilimia 10.

"Juni na Julai ni baridi, jua halichomi."
Kinachounguza ni mionzi, si joto. Upepo wa kipupwe hukupoza tu usihisi unavyoungua.

"SPF 30 inakinga mara mbili ya 15."
SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya mionzi inayounguza, 30 huzuia 97. Tatizo kubwa ni uchache wa losheni. Maabara hupima kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Wengi hupaka nusu au chini ya hapo, hivyo namba ya kwenye chupa hawaifikii. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, toka shinani hadi nchani. Usisahau masikio na kisogo. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa 2, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukijifuta kwa leso. Ikikuachia weupe, paka tabaka mbili nyembamba badala ya kupunguza. Chupa isilale ndani ya gari juani: losheni iliyojitenga maji na mafuta haikingi sawasawa.

"Rangi ya kupaka ikikutia weusi, inakukinga."
Hili ndilo la hatari zaidi, hasa kwa mwenye ualbino. Dihidroksiasetoni, kiambato cha rangi hiyo kinachotia ngozi weusi, ni aina ya sukari. Hushikana na protini za seli zilizokufa juu ya ngozi zikageuka kahawia, karibu kama andazi linavyopata rangi kwenye mafuta. Viwiko na magoti hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Seli hizo zikipukutika, baada ya siku 5 hadi 7, rangi huondoka. Melanini ni kitu kingine: hukaa ndani ya seli hai na kufunika kiini chake. Kwa hiyo aliyejipaka rangi bado anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya SPF 30 au zaidi.